Kisu cha Mashoto

Februari, bonde la Douro, baridi ya kuuma mifupa.
Nimeshuka mjini na vijiti vitatu vya mzabibu
mfukoni mwa aproni, kama mtu aliyebeba mtoto
kwenda kupimiwa viatu.

"Kisu," namwambia Adérito. "Cha kukunja. Kilichopinda."
Anatandaza kitambaa cha kijani mezani,
anavipanga: kumi na kimoja, midomo wazi,
kama makinda wenye njaa.

Cha kwanza, mpini wa pembe, kinang'aa
hata naiona pua yangu. Nakirudisha.
Kisu cha kujitazama ni cha bwana harusi.
Cha pili kimepinda mno, ndoana ya samaki:
kikiingia kwenye tawi hakitoki,
unabaki kuvutana nacho kama mbuzi wa mnada.
Cha tatu kimepinda kwa jina tu.
Tawi linateleza, nawe unalifuata.

Pindo ninalolitaka nalijua kwa kiganja:
ni la kidole kinachoita "njoo",
si la kidole kinachokaripia.
Kisu kilichonyooka husukuma. Hiki huvuta,
na unachokivuta kinakuja kifuani mwako,
basi chagua ukiwa na akili zako.

Adérito anasifu chuma kisichoshika kutu.
Mimi nataka kinachoshika,
kinachokubali jiwe la kunolea jioni,
mate kidogo, mizunguko ishirini, yamekwisha.
Nakunja, nakunjua. Naisikiliza springi.
Ta! Hiyo ndiyo.
Tep... hiyo hapana.
Kaka yangu Baltasar alinunua cha "tep",
na leo akitaka kuhesabu kumi
huazima kidole kwa mkewe.

Halafu kuna lile ambalo sijalisema.
Mimi ni mashoto.
Kile kijishimo cha ukucha, cha kufunulia ubapa,
huchongwa upande mmoja, upande wa wengine wote.
Miaka arobaini nimefungua kisu cha marehemu baba
kwa meno. Hili lenye pengo,
watu hudhani ni ganda la lozi.
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, sawa;
hakuna aniambiaye amekifungua vipi.

Felisbela, bintiye, yuko anafagia.
Haniulizi neno. Anautazama mkono wangu,
analitazama jino,
anauegesha ufagio ukutani,
anapanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa
na kushuka na boksi la biskuti.
Ndani, katika gazeti lililogeuka manjano:
kisu, mpini wa mzeituni, sura mbaya kama kiazi,
kijishimo upande wa pili.

"Kiliagizwa," anasema. "Mwenyewe hakurudi."
Adérito anakohoa. Miaka sita, anasema. Saba.
Kwenye shaba ya mpini, herufi mbili: H. V.
Sikumjua. Gumba lake nalijua:
lilitaka kupita palepale linapopita langu.

Natoa kijiti, nakata mshazari.
Hakitafuni. Hakichani ganda.
Kidonda kinabaki laini, chenye unyevu,
kama kope ya mtu aliyeamka sasa hivi.
"Herufi nitazisugua," anasema Adérito. "Bure."
"Ziache."
Anataja bei. Nanyamaza.
Anapunguza. Nanyamaza tena, kwa adabu zaidi.

Jioni niko ngazi ya nne ya shamba, juu ya ukuta wa mawe,
mto kule chini una rangi ya risasi.
Ukucha wa kushoto unapapasa, unafika, unavuta.
Ta!
Shina la kwanza, la pili. La tisa linadondosha maji,
mizabibu hulia ikikatwa wakati huu, haijambo, itapona.

Nimefika mwisho wa safu ndipo nasikia
mtu anapiga mluzi, mluzi mbovu,
unaovuja penye jino.
Nageuka kumtafuta.
Safu nzima, hakuna mwingine.